Uniti za LUKU zinaisha mapema ofisini? Mwongozo kamili wa kuzipunguza

"Nimetoa taa zote za zamani nikaweka za LED, mbona uniti zinaisha vilevile?" Swali hili nimeulizwa na mwenye stationari, na mhasibu mwenye ofisi ya vyumba viwili, na mama mwenye duka la kushona sare. Wote walifanya jambo jema, ila walianzia mwisho. Walinunua kabla ya kupima. Taa zilikuwa zinakula kidogo, na mlaji mkubwa ametundikwa ukutani juu ya dirisha, ananguruma mchana kutwa.

Mwongozo huu ni wa ofisi ndogo yenye mita ya LUKU, ile ya kununua umeme kwa tokeni kabla ya kuutumia, hasa zile za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, ambako joto na unyevu wa pwani hufanya AC ionekane kama hewa yenyewe. Aliye Zanzibar au Mombasa na mita yake ya tokeni atafuata hatua hizihizi, abadilishe bei ya uniti tu.

Tenga wiki tatu. Ya kwanza ya kupima, ya pili ya kurekebisha, ya tatu ya kupima tena. Hatua nyingi hazina gharama yoyote.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari na kalamu, viwekwe karibu na mita.
- Risiti au meseji za LUKU za miezi mitatu iliyopita.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Kipimajoto cha kawaida cha chumbani.
- Kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi, kama unaweza kukipata. Kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Si lazima, lakini kinarahisisha kazi.
- Brashi laini na ndoo ya maji, kwa ajili ya chujio la AC.
- Kijiti cha udi na kiberiti. Matumizi yake utayaona hatua ya nne.
- Namba ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Jambo moja zaidi kabla hujaanza: jua bei ya uniti yako. Chukua risiti, gawa fedha ulizolipa kwa uniti ulizopata. Ofisi nyingi ndogo ziko kundi la bei liitwalo T1, la matumizi ya kawaida. Hesabu za humu zinatumia shilingi 292 kwa uniti, ambayo pamoja na VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme wa vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1 inafika shilingi 356 hivi. Ndiyo maana tokeni ya shilingi 10,000 hukupa uniti kama 28. Kama kuna mwezi ulipata pungufu, angalia vizuri risiti, kwa sababu kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU. Kwa sababu hiyo, kuanzia sasa hesabu uniti, usihesabu shilingi.

## Hatua ya 1: Soma mita asubuhi na jioni kwa siku saba

Saa 2 asubuhi mnapofungua, andika uniti zilizobaki. Saa 11 jioni mnapofunga, andika tena. Ukiingiza tokeni katikati, andika saa na kiasi, la sivyo hesabu itakupotea.

Kwa nini mara mbili? Kwa sababu unatafuta namba mbili tofauti: umeme unaoliwa mkiwa kazini, na umeme unaoliwa mkiwa hampo. Hiyo ya pili ndiyo watu wengi hawajawahi kuiona, na ndiyo rahisi kuikata.

Nikuonyeshe kwa ofisi moja ya watu sita tuliyoipima Sinza, Dar es Salaam. Ijumaa saa 11 jioni mita ilisoma 184.2. Jumatatu saa 2 asubuhi ikasoma 168.6. Uniti 15.6 zimeondoka ndani ya saa 63, mlango ukiwa na kufuli na taa zimezimwa. Hiyo ni shilingi 5,550 hivi kwa wikiendi moja, zaidi ya 22,000 kwa wikiendi nne. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo ukigawa 15.6 kwa 63 unapata kilowati 0.248, yaani wati 248 kwa wastani, zaidi ya tyubulaiti tano za zamani zikiwaka usiku na mchana bila mtu chini yake.

Umefanikiwa pale ambapo daftari lina mistari 14 na unaweza kusema bila kubahatisha: mchana tunakula kiasi hiki, usiku kiasi hiki, wikiendi kiasi hiki.

## Hatua ya 2: Tafuta anayekula, kwa kuhesabu mimweko

Mita nyingi za LUKU zina kitaa chekundu kinachomweka, na karibu yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Hicho kitaa ndicho kipimo chako bora kuliko vyote, na hakikugharimu kitu.

Hesabu mimweko kwa dakika moja. Zidisha kwa 60, kisha gawa kwa ile namba iliyoandikwa. Mimweko 20 kwa dakika kwenye mita ya 1000 ni 1.2, yaani muda huo ofisi inavuta kilowati 1.2.

Sasa mwache mwenzako ndani, wewe simama kwenye mita, mkiongea kwa simu. Zimeni kila kitu. Kisha washeni kimoja kimoja: AC, friji, dispensa ya maji, printa, kompyuta, taa. Kila kifaa hesabu dakika moja na uandike. AC ipe dakika kumi kwanza ili kompresa, ile pampu ya gesi iliyo kwenye kifaa cha nje, ishike kazi.

Utakayoyaona yatakuwa karibu na haya:

- AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) isiyo ya inveta, yaani inayozima na kuwaka badala ya kupunguza mwendo: wati 1,000 hadi 1,200 kompresa inapofanya kazi.
- Jagi la umeme: wati 2,000 hivi, lakini kwa dakika chache.
- Kompyuta ya mezani na skrini yake: wati 80 hadi 150.
- Laptopu: wati 30 hadi 60.
- Tyubulaiti ya futi 4 yenye balasti ya zamani (kile kidhibiti umeme kilicho ndani ya kishikizo): wati 45 hivi. Ya LED: 18.
- Feni ya darini: wati 60 hadi 75.

Kisha zidisha wati kwa saa za kazi, ugawe kwa 1,000 upate uniti. AC ya wati 1,100 ikifanya kazi saa 9 bila kupumzika ni uniti 9.9 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni uniti 218, sawa na shilingi 77,500. Tyubulaiti sita zikibadilishwa kuwa LED zinaokoa uniti 32 kwa mwezi, yaani shilingi 11,400. Sasa unaelewa kwa nini yule mwenye stationari hakuona tofauti. Aliokoa kweli, ila AC ilimeza akiba yote.

Onyo. Ukizima swichi kuu na kitaa bado kinamweka, usiguse kitu. Ama kuna waya unaovujisha, ama kuna mtu ameunganisha kwenye laini yako. Mwite fundi mwenye leseni na utoe taarifa TANESCO. Usifungue mita wala kugusa lakiri yake, ni kosa kisheria na ni hatari.

## Hatua ya 3: Kata umeme unaoliwa usiku

Hapa ndipo akiba inapoonekana haraka, tena bila kumnyima mtu raha yoyote.

Mkosaji wa kwanza karibu kila mahali ni dispensa ya maji. Ndani yake kuna tangi dogo linalochemsha maji, yanapoa, linachemsha tena, usiku kucha, kwa ajili ya chai ambayo hakuna atakayeinywa hadi kesho yake. Ikila uniti 2 kwa siku, mwezi mzima ni uniti 60, zaidi ya shilingi 21,000. Nyuma yake kuna swichi mbili, ya moto na ya baridi. Zimeni zote mkitoka. Mnaokunywa chai mara mbili kwa siku, jagi la umeme na chupa ya chai vitawatosha na kuwabakizia.

Baada ya hapo, panga vifaa katika ekstensheni mbili. Moja iwe ya vitu visivyozimwa: ruta, kamera za ulinzi, friji kama ina kitu ndani. Nyingine iwe ya kila kitu kingine, na iwe na swichi. Bandika utepe mwekundu kwenye hii ya pili, mwandike jina la anayeizima kila jioni. Kazi ikiachwa iwe ya wote, haitafanywa na yeyote.

Maonyo matatu kabla hujazoea kuzima:

Printa ya wino izime kwanza kwa kitufe chake, usubiri itulie, ndipo uzime ukutani. Ikikatwa ghafla kichwa chake hubaki wazi, wino hukauka, na kichwa kipya ni ghali kuliko umeme ambao ungeuokoa kwa kuizima mwaka mzima.

Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mara moja, na UPS ndogo haihimili.

Usibebeshe ekstensheni moja jagi, pasi na mashine ya fotokopi kwa pamoja. Ikishikwa ikawa ya moto, imezidiwa.

Kwa kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya umeme, weka skrini izime baada ya dakika 5 na mashine ilale baada ya 15. Zile picha zinazocheza kwenye skrini mtu akiondoka haziokoi chochote, skrini inawaka vilevile.

Umefanikiwa pale ambapo mimweko ya jioni baada ya kufunga imepungua mara tatu au zaidi.

## Hatua ya 4: Zuia joto lisiingie, kabla hujaigusa AC

Watu huruka hatua hii, halafu wanalalamika kwamba AC mpya nayo inakula. AC kazi yake ni kutoa joto nje. Joto likiwa linaingia kwa mlango wa mbele wakati yenyewe inalitoa kwa nyuma, haitapumzika hata ikiwa mpya kutoka boksini.

Ziba mianya. Washa kijiti cha udi, kisogeze taratibu kwenye kingo za madirisha, chini ya mlango, na pale bomba la AC linapopenya ukuta. Moshi ukipanda wima, pako sawa. Ukipinda, hewa inapita. Madirisha ya luva ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa vioo vyake havibani hata ukivifunga kwa nguvu. Chumba chenye luva na AC, ama weka kioo kizima kwa ndani, ama bandika plastiki nene inayoonyesha. Chini ya mlango weka mpira wa mlango unaogusa sakafu.

Pwani kuna sababu ya ziada. Hewa yetu imebeba maji, na AC inalazimika kuyakamua huku ikipoza. Tazama ule mpira wa kutolea maji nje: siku mlango unaachwa wazi utaona yanatiririka, siku umefungwa vizuri yanadondoka polepole. Kila tone lile umelilipia.

Weka kivuli nje ya kioo. Pazia la ndani linazuia mwanga machoni, lakini jua likishapenya kioo, joto limeshaingia na linabaki. Kivuli cha nje kinalizuia kabla halijafika. Anza na madirisha ya magharibi, maana jua la alasiri huja chini chini na kupiga kioo moja kwa moja wakati ukuta wenyewe umeshachemka. Turubai jepesi, pazia la mianzi, ubao uliotokeza juu ya dirisha, hata mti, vyote vinafaa. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Unguja kwa kuta nene na baraza zenye kivuli walilijua hili vizuri, na sisi tumejenga vioo vinavyotazama magharibi.

Paa. Ofisi iliyo chini ya bati moja kwa moja hupokea joto kutoka juu siku nzima. Rangi nyeupe juu ya bati na silingi bodi chini yake, ikiwa na tabaka la kuzuia joto katikati, ni matengenezo yanayolipa. Kama umepanga, hili ni la kuzungumza na mwenye nyumba wakati wa kuhuisha mkataba, ukiwa na daftari lako mkononi.

Umefanikiwa pale ambapo kipimajoto cha chumbani saa 9 alasiri, AC ikiwa imezimwa, kinasoma chini kuliko wiki iliyopita katika hali ya hewa kama ile. Hata nyuzi 2 ni nyingi.

## Hatua ya 5: Sasa shika AC

Anza na chujio. Fungua kifuniko cha mbele ukiwa umezima umeme ukutani, vuta nyavu mbili za plastiki, zioshe kwa maji na brashi laini, zikauke kivulini, zirudishe. Katika ofisi iliyo kando ya barabara ya vumbi fanya hivi kila wiki mbili. Nimewahi kuvuta wavu ambao vumbi lake lilitoka zima kama kipande cha blanketi. AC ile ilikuwa inawashwa saa kumi kwa siku na hakuna aliyehisi baridi, wakawa wanajadili kununua ya pili.

Kisha kifaa cha nje. Kisafishwe na fundi angalau mara mbili kwa mwaka. Karibu na bahari, mapezi yake ya alumini huliwa na chumvi, na yakishameguka joto halitoki. Hakikisha hakijabanwa na maboksi au ukuta, na kikiwezekana kiwe kivulini.

Kuhusu gesi. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka mle mle miaka yote. Fundi akikuambia kila mwaka kwamba gesi imeisha, maana yake kuna tundu, na dawa yake ni kuliziba kwanza ndipo ajaze. Usikubali kulipia kujaza bila kuziba.

Weka nyuzi 25, na washa feni. Kuweka 16 hakupozi haraka. Kwenye AC ya kawaida kompresa hufanya kazi kwa nguvu ileile, iwe umeweka 16 au 25. Tofauti ni kwamba ukiweka 16 haitafika huko, kwa hiyo haitapumzika kamwe. Feni ya wati 70 inayosukuma hewa mwilini hukufanya uone 25 kama ubaridi wa kutosha. Hapa pana ubishani ofisini kila mara, kwa hiyo msikate moja kwa moja. Nendeni 23, kisha 24 baada ya siku tatu, kisha 25. Anayekaa chini kabisa ya tundu la AC linalopuliza hewa ndiye atakayefurahi wa kwanza.

Zimeni nusu saa kabla ya kufunga. Chumba kilichozibwa vizuri hakichemki ndani ya nusu saa.

Umefanikiwa pale ambapo hewa inayotoka kwenye AC iko chini ya ile inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12, na kompresa inasikika ikizima na kuwaka badala ya kunguruma mfululizo.

## Hatua ya 6: Nunua, lakini kwa mpangilio

Ukifika hapa umeshajua anayekula. Kanuni ni moja: gawa bei ya kifaa kwa akiba ya mwezi, uone miezi mingapi kinarudisha fedha. Tuseme tyubu sita za LED zinauzwa jumla shilingi 48,000. Akiba ni 11,400 kwa mwezi, kwa hiyo zinajilipa kwa miezi minne na siku chache.

Taa. Tyubu ya LED ikiwekwa kwenye kishikizo cha zamani, fundi aiondoe balasti kwenye waya. Ikibaki itaendelea kula, na mara nyingi huua tyubu mapema.

AC. Inveta inafaa kwa chumba kinachopozwa saa nyingi, kwa sababu inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Kwa chumba cha mikutano cha saa moja kwa wiki haitakurudishia fedha upesi. Ukiwa dukani soma kibandiko cha ubavuni, gawa BTU kwa wati. Ya BTU 12,000 inayovuta wati 1,100 inatoa 10.9, inayovuta 900 inatoa 13.3. Chukua yenye namba kubwa. Kenya kazi hii imerahisishwa na lebo ya nyota, ambako nyota 5 ndizo za juu.

Friji ya mtumba. Jihadhari na lebo ya A++ kutoka Ulaya. Tangu Machi 2021 Ulaya imerudi kwenye mizani ya A hadi G, kwa hiyo friji yenye alama za kujumlisha inasomeka kwa mizani ya zamani. Shika mpira wa mlango: funga noti ya shilingi 1,000 katikati, ivute. Ikitoka bila kukwama, mpira umechoka.

Usinunue vile viboksi vya kuchomeka vinavyotangazwa kupunguza bili. Ndani mna kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme. Mita ya T1 inahesabu uniti ulizotumia kweli, na kapasita haizipunguzi. Viwanda na majengo makubwa ya kundi la T2, yanayotumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi na kulipia kVA, yaani kiwango cha juu cha umeme yanachovuta kwa mara moja, yana sababu ya kufunga kapasita zilizopimwa na mhandisi. Ofisi yako ya watu sita haina.

## Hatua ya 7: Pima tena

Rudia hatua ya kwanza, siku saba, daftari lilelile. Linganisha miezi inayofanana. Ukilinganisha Januari na Julai utajisifu kwa baridi ya msimu.

Mkiona mchana umepungua lakini usiku uko palepale, mwenye kuzima ekstensheni amesahau. Mkiona usiku umepungua lakini mchana uko palepale, rudini hatua ya 4 na udi wenu.

Ile ofisi ya Sinza ilirudia baada ya wiki tatu. Walikuwa wamezima dispensa, wametenga ekstensheni mbili, wamegundua kwamba AC ya chumba cha nyuma ilikuwa inaachwa ikipuliza bila kompresa usiku kucha. Hawakuwa wamenunua kitu zaidi ya mpira wa mlango na ekstensheni moja. Ijumaa saa 11 jioni hadi Jumatatu saa 2 asubuhi, mita ilishuka uniti 4.9. Tulizunguka chumba kutafuta zilikokwenda, tukakuta friji, ruta na kamera mbili.